Wa Sita Kutoka Mlangoni

Viatu vya mtumba huhesabiwa mara mbili. Unahesabu vya kushoto, halafu vya kulia, na hesabu zikikosana ujue kuna mtu anatembea mjini na kiatu chako kimoja. Nimefanya kazi hiyo sokoni Eldoret miaka ishirini na mitatu, na ugonjwa wake umeniingia hata katika mambo yasiyo na soli. Kwa hiyo nikisema mwanamume niliyempata nikiwa na miaka hamsini na miwili alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili, sikisii. Nilihesabu kwa vidole, kisha nikahesabu kwa kalenda.

Alikuja kibandani kutafuta viatu vya kazi. Alikuwa fundi wa taili kwenye jengo jipya nyuma ya soko, na nilijua kazi yake kabla hajafungua mdomo. Fundi wa taili huua kiatu mbele, pale vidole vinapokunjika, kwa sababu anashinda amepiga magoti. Nikamtajia mia nane. Akaingiza mkono mfukoni atoe mia nane. Mtu anayelipa bei ya kwanza sokoni ama ana pesa za wizi ama ana shida nyumbani, na mimi sikutaka hata kimoja kati ya hivyo, nikamzuia. Nikamwambia hapana, wewe sema mia nne. Akasema mia nne. Nikamwambia hiyo ni matusi, leta mia saba. Alinitazama kama mtu anayefundishwa kuendesha gari na mwizi wa magari. Alilipa mia sita na akarudi wiki iliyofuata, na viatu vilikuwa bado vizima.

Aliponiuliza miaka yangu nilisema arubaini na saba. Sikuona kama ni uongo, niliona ni bei ya kuanzia, nikingoja apinge. Hakupinga. Basi ikabaki hapo, na kila mwaka nikauongeza uongo wangu mwaka mmoja, sikuupunja. Mimi nilipofika hamsini na minne, kwake nilikuwa arubaini na tisa.

Watu wengine hawakuhitaji kuambiwa. Kuna hoteli ndogo ya chai karibu na stendi ambapo tulikuwa tunakaa saa kumi jioni. Msichana wa kuhudumia alikuja, akanipita kwa macho, akamuuliza yeye, "Na mama atakunywa nini?" Yeye akasema chai ya maziwa. Ni kweli hiyo ndiyo ninayokunywa. Lakini msichana alipoondoka nilimwambia kwamba swali lilikuwa na sehemu mbili na yeye alijibu sehemu moja tu. Akaniuliza sehemu ya pili ni gani. Sehemu ya pili ilikuwa lile neno "mama". Nilikunywa chai yangu na nikaihama hoteli hiyo.

Wivu wa uzeeni hauna nidhamu. Nikiwa msichana nilikuwa naona wivu juu ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa utaratibu. Sasa nilikuwa nao juu ya muuza mahindi ya kuchoma, juu ya mama mwenye nyumba wake kule Langas ambaye nilikuwa sijamwona, juu ya mhudumu wa duka la vifaa vya ujenzi aliyempa kalenda ya bure. Kalenda hiyo niliitazama kurasa zote kumi na mbili. Ilikuwa na picha za saruji.

Lakini hao wote walikuwa mazoezi tu. Mechi yenyewe ilikuwa mdogo wangu.

Ni wa mwisho kwetu, nimemzidi miaka kumi na sita. Ndoa yake ya Nakuru ilipokwisha alirudi kwa mama yetu, mtaani Munyaka, na akapata kazi ya kuandika risiti kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Watu husema tunafanana, lakini neno hilo ni dogo. Ana uso wangu. Ni uso ule ule niliouvaa nikiwa na miaka thelathini na minane, kisha nikauacha mahali na sikurudi kuuchukua. Belo la mtumba likifunguliwa asubuhi, zile safi za kwanza tunaziita kamera, na wateja wanaojua hupigania hizo. Mdogo wangu ni kamera. Mimi mwenyewe sitasema niko fungu gani, ila wateja wangu huja baada ya saa nane, bei ikishashuka.

Na hesabu nyingine niliifanya nikiwa nimelala chali: kati ya fundi na mimi ni miaka kumi na miwili. Kati ya fundi na yeye ni minne.

Kosa nilifanya mwenyewe. Mama alikuwa anateleza kwenye sakafu ya bafu, na mimi kwa kutaka kumwonyesha kwamba mwanamume wangu ana faida, nikamtoa fundi aende amwekee taili. Bafu lenyewe ni mita moja na nusu kwa mbili. Nilimuuliza fundi mwingine, mgeni kabisa, kazi kama hiyo inachukua muda gani. Akasema siku mbili, pamoja na kukauka. Wangu alichukua siku nne. Na siku hizo nne mdogo wangu alikuwa kwenye likizo.

Nilikuwa napiga simu kutoka sokoni. Nilimuuliza mama kama fundi amekunywa chai. Amekunywa. Nikamuuliza vikombe vingapi, na ni nani aliyempelekea, na kama huyo aliyempelekea alirudi jikoni ama alibaki mlangoni.

"Wewe msichana," mama alisema, "mimi niliweka fundi, sikuweka askari."

Siku ya nne nilifunga kibanda mapema nikaenda. Nilipoingia uani niliwasikia wakicheka bafuni, wote wawili, kile kicheko cha watu ambao wamezoeana na mzaha fulani. Nilipotokea mlangoni kicheko kiliisha. Fundi alisema bosi, umefika, kwa maana ananiita bosi. Mdogo wangu akaokota kikombe akapita kando yangu. Sakafu ilikuwa imenyooka kama meza. Nilitafuta kasoro kwa dakika kumi na sikupata hata moja, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Mama ndiye aliyesema mambo yafanywe kwa njia. Nina binti mmoja, mtu mzima sasa, na baba yake tulianza kuishi naye tu, hakukuwa na wazee wala mbuzi, na alipoondoka aliondoka vile vile bila kuaga wazee. Mama alikuwa na aibu hiyo kifuani kwa miaka thelathini. Alisema huyu wa sasa, hata kama ni mdogo kwangu, atakuja na watu wake na atafanya ruracio kama mwanamume. Ruracio kwetu watu wa kutoka katikati ya nchi ni siku ile ukoo wa mwanamume unakuja kuomba na kutoa mahari. Kwa kawaida bibi arusi ana miaka ishirini na kitu na ngozi ya kung'aa. Baba zangu wadogo walipokaa kupanga, mmoja aliuliza kwa upole kama kuna haja ya kutaja mbuzi wa uzazi. Wakakubaliana wataruka hapo.

Sasa kuna desturi moja kwenye siku hiyo, na ndiyo iliyoniletea mambo. Wanawake wa kwetu hufunikwa leso kutoka kichwani mpaka chini, wanapangwa mstari, bibi arusi akiwa kati yao, na mwanamume anaitwa amtambue wake. Haruhusiwi kufunua wala kuuliza. Akigusa asiye wake watu wanapiga vigelegele vya dharau na anatozwa faini, halafu anajaribu tena. Ni mchezo. Kila mtu anajua ni mchezo.

Fundi ni mtu wa magharibi na kwao hawana kitu kama hicho. Nilipomweleza alikwenda kumwambia mjomba wake. Mjomba wake, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao, alipiga simu kwa baba mdogo kuuliza maswali mawili. La kwanza, mtu akichagua vibaya, yule wa makosa anaweza kurudishwa? La pili, akishapigwa faini, si atakuwa amelipia wote wawili? Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajua nani atakuwa kwenye mstari huo.

Shangazi, ambaye ndiye husimamia kufunika, alichagua wanawake saba: mimi, mdogo wangu, na mabinamu watano. Alisema nitakuwa wa tatu kutoka mlangoni. Nikamwambia viatu niachie mimi. Nilitafuta pea saba za raba nyeupe zinazofanana, na mtu wa mtumba atakuambia kwamba hiyo si kazi ya siku moja. Ilinichukua wiki tatu na nikadaiwa fadhila na vibanda vinne. Niliwakataza wote marashi. Niliwakataza mikufu na saa. Mdogo wangu aliniuliza mbona najificha kama mtu aliyevunja benki, si nataka kuchaguliwa?

Nilitaka kuchaguliwa. Lakini nilitaka achague mwenyewe, macho yake, bila kusukumwa na viatu wala harufu. Nilitaka kujua kama kati ya wanawake saba, mmoja wao akiwa ni mimi mwenye miaka kumi na sita iliyopungua, atanijua. Na nilikuwa nimeamua moyoni, bila kumwambia mtu: akimgusa mdogo wangu, wazee wakiniuliza, nitakataa.

Kwa maana kuna kuulizwa pia. Bibi arusi akishatambuliwa, msemaji wa kwetu hushika kinywaji, na sisi ni watu wa kanisa kwa hiyo ni soda, anamuuliza mbele ya watu wote, "Hiki kinywaji tukinywe?" Wanauliza mara mbili. Bibi arusi akisema kunyweni, mambo yamekwisha. Akisema wasinywe, hema linakunjwa na mbuzi wanarudi walikotoka. Sijawahi kuona mtu akisema hivyo, lakini swali lipo, na swali likiwepo jibu lake linaweza kutolewa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, na mvua ya Eldoret ilikuja saa nane kama iliyoajiriwa. Wageni wakasongamana hemani, mbuzi watano wakafungiwa kwenye banda la kuku, na shangazi akaamua mstari utakuwa kwenye veranda badala ya uani. Alitufunika chumbani. Nikawa wa tatu, kama tulivyopanga, na mdogo wangu wa sita.

Tulipofika kwenye korido ya kutokea, shangazi akiwa mbele anafungua mlango, nilimvuta mdogo wangu mkono. Nikamwambia chini ya leso, kaa hapa kwangu, mimi naenda kwako. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia nyamaza utembee. Kwa hiyo tulipotoka kwenye veranda, mwanamke wa tatu alikuwa yeye na mimi nilikuwa wa sita, na watu wawili tu duniani walijua hivyo.

Ndani ya leso huoni watu, unaona mwanga na vivuli na raba zako mwenyewe. Nilimsikia mjomba wake akimwambia achukue muda, hakuna haraka, faini ni faini. Watu walicheka. Upande wangu wa kulia, pale kwa wa tatu, leso ilikuwa inatikisika kidogo kama mtu anayejikuna tumbo. Nilifikiri ni woga. Kisha fundi akasimama pale mbele, karibu na mlango, na kwa kivuli chake nikaona ametoa simu, akaitazama kama mtu anayeangalia saa, akairudisha mfukoni.

Akaanza kutembea. Alimpita wa kwanza. Akampita wa pili. Akafika kwa wa tatu. Akampita wa tatu bila kusimama, wa nne, wa tano, na mkono wake ukatua begani mwangu.

Kelele zilizotoka kwenye hema sizisahau. Shangazi alinifunua, akaniona ni mimi, akashangaa yeye kuliko wote kwa sababu hakuwa ameniweka pale. Mjomba wake akamwomba aeleze amejuaje, na fundi akasema kwamba yeye hufanya kazi akiwa amepiga magoti, kwa hiyo watu anawasoma kuanzia chini. Alisema vifundo vya miguu ya huyu mwanamke hawezi kuvikosa hata gizani. Mama yangu akafuta macho na ncha ya leso. Hata baba mdogo aliguna, na huyo haguni ovyo.

Nilikuwa na furaha kwa muda wa kama dakika moja na nusu. Sitaki kusema uongo, ilikuwa dakika moja na nusu nzuri sana. Halafu nikahesabu tena.

Leso zilikuwa zinaburuta sakafuni. Vifundo vya miguu havikuonekana, vyangu wala vya mtu yeyote, hiyo niliihakikisha mwenyewe. Na hakuwapita wale wengine kama mtu anayesoma. Aliwapita kama mtu anayekwenda mahali. Aliambiwa. Na wa kumwambia alikuwa mmoja tu.

Chakula kilitangulia swali, kwa sababu ya mvua. Mdogo wangu alikuwa jikoni anapakua wali kwenye sahani. Nilisimama karibu naye, nikachukua kijiko nikajifanya nasaidia.

"Nimeona meseji," nilimwambia. Sikuwa nimeona kitu. Hiyo ni bei ya kuanzia.

Hakuacha kupakua. "Basi umeona."

"Nataka kuona tena."

Alifuta mikono, akatoa simu kifuani, akanipa. "Lakini sista, usisome ukiwa na njaa."

Nilisoma nimesimama kati ya jiko na mlango wa stoo. Ya kwanza ilikuwa ya zile siku za bafu. Aliandika kwa heshima kama mtu anayeandikia ofisi: habari, ni fundi, samahani kwa kusumbua, ni kweli dada yako ako na arubaini na tisa? Na huyu kutoka tumbo moja na mimi akamjibu kwa namba mbili tu, tano na nne, na chini yake akaandika, sijakwambia. Fundi akajibu: sawa, asante. Na baada ya hapo, kama mtu aliyemaliza jambo dogo, akauliza kama napenda jiko lenye taili nyeupe ama kijivu.

Ziliendelea hivyo miezi mitano. Mama anapenda kuitwaje. Baba mdogo anakunywa ama ameokoka. Nikinyamaza siku mbili maana yake ni nini, na nikinyamaza siku tatu je. Mdogo wangu alimjibu kila swali, na majibu mengine yalikuwa marefu kuliko swali, na mengine yalikuwa na kale kauso kanakocheka mpaka machozi. Nilihesabu meseji sitini na moja. Nikarudia nikapata sitini na mbili, kwa sababu moja ilikuwa kidole gumba peke yake na nilikuwa nimeiruka. Na miezi hiyo hiyo, mimi alikuwa ananitumia "niko saiti" na "ok".

Za mwisho zilikuwa za siku ile. Asubuhi mdogo wangu aliandika: 3. Fundi akajibu: hapo hatakaa, niangalizie. Na saa nane na dakika kumi na sita, kutoka chini ya leso, bila kuona, huku akionekana kama anayejikuna tumbo, mdogo wangu akaandika: 6.

Nilimrudishia simu. Aliniambia nisifanye upumbavu. Aliniambia kwamba huyo mtu alimuuliza kuhusu mimi mpaka akachoka, kwamba siku ya bafu walikuwa wanacheka kwa sababu fundi aliiga vile nahesabu chenji. Nilisikia yote hayo. Lakini nilichosikia zaidi ni kwamba wakati mimi nauza viatu, mahali fulani kulikuwa na watu wawili wanaonicheka pamoja, mmoja wao akiwa na uso wangu wa zamani.

Baba mdogo alikuwa ameshasimama na glasi. Nilimtuma binamu akamwambie naomba dakika tano, naenda msalani. Kisha nikamwita fundi nyuma ya tangi la maji.

Alikuja na sahani mkononi, akaniona, akaiweka juu ya tofali.

"Vifundo vya miguu," nilisema.

Alijikuna shingo. "Bosi, nilikuwa mbele ya watu."

"Ungenijua bila kuambiwa?"

Hapo ndipo mwanamume mwingine angedanganya, na ningejua anadanganya, na labda ningefurahi bado. Yeye alifikiria kwanza, kama mtu anayepima ukuta.

"Ndani ya leso? Hapana. Mlikuwa magunia saba."

"Na ungemgusa nani?"

"Sijui. Ndiyo maana niliuliza. Mjomba anasema ni mchezo, shangazi yako anasema ni mchezo. Mimi nilikuona vile ulikuwa unatafuta hizo raba wiki tatu. Huo haukuwa mchezo. Ningekosa, ungenifukuza."

Nilimuuliza nani amemwambia ningemfukuza, kwa maana sikuwa nimemwambia hata mdogo wangu. Alisema hakuambiwa na mtu. Nikamuuliza alijuaje sitakaa kwenye nafasi ya tatu. Alinitazama kama nimemuuliza maji ni nini.

"Kwani umewahi kukaa mahali umepangwa na mtu mwingine?"

Niligeukia jambo jingine. Nilimuuliza kwa nini hakusema anajua miaka yangu. Alisema nilionekana naipenda ile arubaini na tisa, na yeye haikumgharimu kitu. Alisema taili za jiko ameshanunua, kijivu, na haziwezi kurudishwa dukani.

"Meseji sitini na mbili," nilisema.

"Wewe nakuona kila siku. Nikuandikie nini?"

"Na bafu la siku mbili ulifanya siku nne."

"Ukuta wa mama yako umepinda, bosi. Nenda upime."

Nilienda kuupima wiki iliyofuata na kamba na jiwe, na ni kweli umepinda, sentimita mbili na nusu. Lakini siku ile nyuma ya tangi nilikuwa sijapima chochote. Nilikuwa na mtu aliyekiri kwamba hawezi kunitambua nikifunikwa, na ambaye alikuwa amenitambua kabla sijafunikwa. Nilijaribu kuona kama moja linalipia jingine. Nilipiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na kitu kinabaki, na kitu hicho kilikuwa jikoni kinapakua wali.

Walituita. Tulirudi hemani kila mmoja kwa njia yake, na mimi nikasimama mbele ya baba mdogo na glasi yake ya soda iliyokuwa imeisha gesi. Mvua ilikuwa imepungua. Aliniuliza kama hiki kinywaji wakinywe.

Niliwatazama watu kwanza. Mjomba wa fundi akahesabu mbuzi kwa macho, nafikiri akipanga gari la kurudi. Mama aliniangalia kwa lile jicho la miaka thelathini. Fundi hakuniangalia. Alikuwa anaangalia sakafu ya saruji kati ya viatu vyake, na mikono ameiweka nyuma kama mtoto wa shule, na alikuwa anajaribu kulinganisha ncha za viatu hivyo, zikikataa kulingana. Mwanamume ambaye huweka taili bila kutumia uzi.

Baba mdogo akauliza mara ya pili. Sauti yake haikuwa na uhakika tena.

"Kunyweni," nilisema. "Lakini mdogo wangu mumpimie kidogo."

Watu walifikiri ni mzaha, wakapiga vigelegele, na glasi zikaanza kuzunguka. Mdogo wangu alicheka kutoka mlango wa jikoni, na fundi akainua kichwa akacheka pia. Walianza kwa wakati mmoja na wakamaliza kwa wakati mmoja. Niliona.